Kutoka Tarime hadi uhandisi wa migodi

Swali: Je, shahada ya uhandisi inatosha kumfanya kijana wa Tarime kuwa mhandisi kamili wa migodi?

Jibu: Haitoshi. Shahada ya uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huchukua miaka 4, ikijumuisha mafunzo kwa vitendo, ambapo mwanafunzi hujifunza, mathalani, kukagua uthabiti wa mwamba kabla ya ulipuaji, ujuzi unaohitajika hasa katika machimbo ya chini ya ardhi kama Gokona, kwenye mgodi wa North Mara. Mhitimu husajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mhitimu, yaani anayefanya kazi chini ya usimamizi, na kwa kawaida hutumia miaka 3 hivi kujijengea uzoefu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu.