Shairi linatusaidia nini?

Wanafunzi wenzetu, tukisoma mashairi ya Kifaransa, swali moja halikosi kutoka nyuma ya darasa: hii inatusaidia nini? Kumbe ni swali la zamani. Wana-filozofia wa Ulaya waliligombania mbele yetu.

Immanuel Kant, mtu wa Königsberg, alitoa mwaka 1790 kitabu juu ya namna tunavyopima uzuri. Tuseme shamba la maharagwe limetoa maua. Mwenye njaa anaona chakula, mchuuzi anaona feza. Wa tatu anasimama, anatazama maua tu, hatafuti kitu. Kwa Kant, huyu wa tatu njo anapima uzuri kweli. Tena anangoja kila mtu akubaliane naye, hata kama hakuna sheria ya kumhakikishia. Lakini Kant aliongeza kwamba uzuri ni alama ya wema. Tushike neno hilo, maana wengi walilisahau.

Victor Cousin alifundisha mawazo ya namna hiyo Paris mwaka 1818, nayo yakapita mdomo kwa mdomo. Mwaka 1835 mshairi Théophile Gautier, katika dibaji ya Mademoiselle de Maupin, aliwacheka wote wanaotaka faida: kwake kitu cha faida ni kibaya kwa macho, na mfano wake ni choo cha nyumbani! (Musicheke sana.) Kant hakusema vile. Kwake, kutotafuta faida ni kazi ya yule anayetazama. Gautier aliigeuza kuwa amri juu ya kitu chenyewe.

Charles Baudelaire alimheshimu Gautier sana, hata akamtolea kitabu chake Les Fleurs du mal. Hata hivyo, tangu 1851 alikuwa amekwisha kuwalaumu wale wanaotaka sanaa kwa ajili ya sanaa tu. Tarehe 20 Agosti 1857 tribinali ya Paris ilimhukumu kwa kuharibu adabu: faini ya franka 300, na mashairi 6 yatolewe kitabuni. Yeye hakujitetea kwamba uzuri hauna sheria. Alitaka kitabu kisomwe chote kizima, ndipo fundisho lake lionekane. Kusoma vipande tu ni sawa kupima sura ya mtu kwa sikio lake moja. Mimi naona hapo alikuwa karibu na Kant kuliko Gautier.

Faini ilipunguzwa mpaka franka 50. Hukumu yenyewe ilifutwa mwaka 1949, mshairi akiwa amekufa tangu miaka 82.