Masala ya Mashine Itungayo na Haki ya Mtunzi

Tumeulizwa na vijana wa darasa letu hapa Kisumu: mtu akiiamuru mashine itungayo maneno, hii iitwayo akili bandia, imwandikie kitabu cha mawaidha, kisha akakipiga chapa na kukiuza kwa jina lake, je, fedha zile ni halali yake? Na wale ambao mashine imesomeshwa vitabu vyao wana haki gani?

Jawabu. Yafaa kwanza ijulikane kuwa mashine hii haijui kitu kama ajuavyo mwanachuoni. Imelishwa maandishi mengi mno ya dunia, ikazoea neno gani hufuata neno gani, nayo hukupangia maneno kwa mazoea hayo. Haina sanadi. Yaweza kukutajia hadithi pamoja na mpokezi wake na kitabu chake, kumbe humo haimo.

Ama haki ya mtunzi, wako wasemao elimu ni ya Mwenyezi Mungu, haina mwenyewe. Hayo ni kweli kwa elimu, si kweli kwa kazi ya mtu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Kuwait Disemba 1988, lilikata kuwa haki za utunzi zahifadhiwa kisharia, wala haijuzu kuziingilia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 nayo humlinda mtunzi maisha yake, na miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliokufa. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alikuwa mtu wa Unguja, tafsiri yake ya Qurani ikatoka Nairobi mwaka 1969, naye akafariki Oman mwaka 1982; kwa hesabu hiyo kazi yake yalindwa hapa mpaka mwisho wa 2032. Bibi Asenath Bole Odaga, aliyechapisha vitabu papa hapa Kisumu, alifariki 2014; chake mpaka mwisho wa 2064.

Lakini mashine husomeshwa ng'ambo. Kenya iliingia katika Mapatano ya Berne mwaka 1993, na kwa hayo mtunzi wetu hupewa huko ulinzi apewao mwenyeji. Tazameni yaliyotokea. Juni 2025 jaji wa Marekani, William Alsup, alihukumu kuwa kampuni ya Anthropic haikukosa kuisomesha mashine yake kwa vitabu, ila ilikosa kuweka nakala za wizi. (Jaji huyu amekaribia njia ya mafakihi wetu: kutazama mali ilivyopatikana kabla ya kutazama ilivyotumika.) Kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, yapata dola 3,000 kwa kitabu. Walioingizwa katika malipo ni wenye vitabu vilivyoandikishwa katika ofisi ya Marekani tu. Mwandishi wa Kisumu asiyeandikisha huko, hata kama kitabu chake kilichukuliwa, hana fungu.

Turudi kwa muulizaji. Sheria yetu humhesabu aliyeandaa kazi iliyotungwa na kompyuta kuwa ndiye mtunzi wake, basi serikali haitamshika kwa hilo. Lakini mnunuzi ametoa fedha akidhani anasoma maneno ya mtu aliyesoma. Kumficha ni ghushi. Na aandike waziwazi juu ya jalada kuwa mashine imesaidia, aitafute kila hadithi katika kitabu chake kabla ya kuichapa, na akikuta kipande cha mwenzake kimenakiliwa humo, akitoe au amwombe mwenyewe ruhusa. Akishindwa na hayo, asiuze.