Rangi si Pambo: Somo la Kutunza Bodi ya Gari la Kikundi

Vikundi vingi vya maendeleo vimepata gari kwa jasho: harambee, michango ya wanachama, na pengine mkono wa wafadhili. Mara nyingi ni gari la kliniki tembezi, lenye chumba nyuma, mlango wa pembeni, madirisha na paa la bati au fibaglasi. Likifika, kila mwanakamati anajua kwamba injini inataka oili na magurudumu yanataka upepo. Bodi ndiyo husahauliwa. Utasikia watu wakisema, "Hiyo ni rangi tu, bora gari linatembea."

Ngojeni kidogo. Injini iliyochoka hufunguliwa, ikatengenezwa, ikarudi kazini. Lakini nguzo za bodi na sakafu zikioza, gari limekwisha, hata kama injini bado inanguruma. Na siku paa likivuja, kinacholoa ni dawa, bandeji na kadi za akina mama. Kwa hiyo kutunza rangi ni kutunza huduma yenyewe. Yale tutakayojifunza hapa yanafaa pia basi la shule, na hata magari ya watalii yenye vitanda na jiko ndani, kwa sababu bodi zao zina maungio, paa na madirisha ya namna hiyo hiyo.

RANGI INAFANYA KAZI GANI?

Chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu. Rangi ndiyo ngozi inayozuia mkutano huo. Kwa kawaida kuna tabaka tatu: praima inayoshika chuma, rangi yenyewe, na juu yake rangi angavu isiyo na kivuli, ambayo mafundi huiita kliya. Zote tatu pamoja zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama karatasi moja ya daftari. Ngozi nyembamba namna hiyo haitaki kukwaruzwa kila wiki.

Kokoto ya murram ikiruka na kutoboa rangi, maji huingia. Kutu haikai pale pale. Hutambaa chini ya rangi, mahali msipopaona. Mkiona rangi imevimba kama lengelenge, jueni ugonjwa ulianza zamani.

MAADUI WA BODI

Jua huchosha rangi mpaka ikawa kama chaki. Pitisheni kitambaa cheusi juu ya paa. Kikitoka na unga, rangi imeanza kufa. Paa huumia kuliko pembeni, na ndilo hatuliangalii kwa sababu liko juu.

Chumvi huharakisha kutu. Magari ya Mombasa, Malindi na Lamu hupata chumvi katika upepo wa bahari. Kule Magadi, vumbi la magadi nalo hukamata unyevu na kula chuma.

Matope yakikauka chini ya gari na ndani ya madigadi huwa kama sponji. Mvua ndogo ikinyesha, yanashika maji siku nyingi.

Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti huunguza rangi. Kivuli ni kizuri, lakini si chini ya mti wanapolala ndege.

KUOSHA BILA KUHARIBU

Mikwaruzo mingi hailetwi na barabara bali na mwoshaji. Kijana anachukua kitambaa kikavu, anafuta vumbi, na vumbi hilo ni mchanga. Ni kama kupiga msasa! Fuateni utaratibu huu:

1. Egesheni gari kivulini, bodi ipoe. Sabuni ikikaukia juani huacha madoa.
2. Mwagieni maji kwanza bila kugusa, ili mchanga uondoke.
3. Anzeni na paa, mshuke pembeni, mmalizie chini. Sehemu ya chini ndiyo chafu zaidi.
4. Tumieni ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sponji. Ndoo ikiwa moja, mnarudisha mchanga kwenye rangi.
5. Tumieni sabuni ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, huondoa nta yote.
6. Osheni chini ya gari na ndani ya madigadi, hasa baada ya safari ya matope au ya pwani.
7. Zibueni vitundu vidogo vilivyo chini ya milango. Viliwekwa ili maji yatoke. Vikizibwa na matope, mlango huoza kutoka ndani.
8. Suuzeni vizuri, kisha mkaushe kwa kitambaa laini.

Kinyesi cha ndege kisikwanguliwe. Wekeni kitambaa chenye maji juu yake dakika chache, kilainike, ndipo mfute.

Msioshe gari mtoni wala ziwani. Kwanza, Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji, na oili ya gari lenu itafika kwenye mtungi wa jirani. Pili, kuna hatari kwa mwoshaji mwenyewe. Katika miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI waliwafuatilia vijana wanaoosha magari ndani ya Ziwa Victoria pale Kisumu, wakaona kwamba wengi waliotibiwa kichocho waliambukizwa tena waliporudi majini. Itakuwa aibu gari la kliniki kuleta ugonjwa. Choteni maji kwa ndoo na muoshee mbali na ukingo.

NTA NA POLISHI

Nta huwekwa juu ya rangi ili iteleze maji na kupunguza ukali wa jua. Mtajuaje kama bado ipo? Nyunyizeni maji. Yakisimama matone matone, nta ipo. Yakitandaa, imekwisha. Kwa gari la kazi, kupaka kila miezi mitatu au minne kunatosha, nanyi msisahau paa.

Polishi ya kukwangua si sawa na nta. Hiyo huondoa rangi kidogo kila mara ili ing'are. Gari lililochakaa linaweza kufanyiwa mara moja, kisha likapakwa nta. Mkifanya kila mwezi, mtafika kwenye praima.

Kuna desturi ya kupuliza oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu. Tunashauri muiache. Oili hiyo huharibu raba, hudondoka ardhini, na ni mbaya kwa ngozi ya anayeipuliza. Dukani kuna rangi nzito nyeusi ya chini ya gari. Ipakwe juu ya chuma kilichosafishwa na kukauka. Ikipakwa juu ya matope hufungia maji ndani.

PAA NA MAUNGIO

Mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya mvua ndefu na Septemba kabla ya mvua fupi, mtu apande ngazi akague paa. Aangalie mahali mabati yanapoungana, tundu la hewa, boliti za kereya, na raba za madirisha. Penye ufa, aondoe gundi ya zamani yote, asafishe, akaushe, ndipo azibe upya. Kupaka gundi mpya juu ya ile iliyopasuka ni kujidanganya. Dukani ombeni gundi ya kuzibia inayobaki laini ikikauka na inayokubali rangi. Silikoni ya kawaida haikubali rangi juu yake.

Mkitoboa bodi ili kufunga kereya au kibao, pakeni rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo za tundu kabla ya kutia boliti.

KUTIBU JERAHA DOGO

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuseme mmeona alama ya kokoto yenye ukubwa wa ukucha. Osheni, kausheni, pigeni msasa mpaka chuma king'ae bila doa la kutu. Futeni vumbi. Pakeni rangi ya kuzuia kutu, iacheni ikauke kabisa, kisha pakeni rangi ya gari mara mbili. Ni kazi ya asubuhi moja. Mkiacha mvua mbili zipite, fundi atakata bati, achomelee jingine, aweke fila na kupuliza upande mzima.

Jihadharini na fundi anayepaka juu ya kutu. Gari litang'aa, mtamlipa, mtafurahi. Baada ya miezi michache malengelenge yanarudi. Mwanakamati mmoja aone chuma kikiwa wazi kabla praima haijapakwa.

Afya nayo ni muhimu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Basi tumieni msasa wa maji ili vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali. Rangi zinazochanganywa na dawa ya kugandisha zinaweza kuleta pumu. Zipulizwe na fundi mwenye kifaa maalum cha kupumulia. Kitambaa usoni hakitoshi.

KAZI YA KAMATI

Dereva peke yake hawezi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo fungueni daftari la bodi. Andikeni tarehe ya kuosha, ya nta, ya ukaguzi wa paa, na kila jeraha lilipo na siku lilipotibiwa. Tengeni fedha kidogo kila mwezi za msasa, praima na gundi. Kikundi kinachongoja bodi ioze hulazimika kuitisha harambee nyingine, na wakati huo kliniki haiendi vijijini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nani katika kikundi chetu amewahi kuliona paa la gari letu, na lini?
2. Gari letu huoshewa wapi, na maji machafu huenda wapi?
3. Tukizunguka gari leo, tutahesabu majeraha mangapi? Nani atayatibu kabla ya mvua, na kwa fedha zipi?