Jicho Jeupe la Ng'ombe: Usiuze Kabla ya Kuona Nyuma Yake



Mwaka jana kijana mmoja ninayemhudumia alinipigia simu. "Afisa, mtamba wangu jicho limekuwa jeupe kama maziwa. Nimuuze?" Ni chotara wa Friesian, mimba ya miezi mitano. Nikaenda, nikamwangalia, nikasema huo ni mtoto wa jicho, tafuta mteja mapema kabla bei haijashuka zaidi. Nilikosea. Siku mbili baadaye daktari wa mifugo alifika kupima mimba kwa altrasaundi, na yule kijana, mjanja kuliko mimi, akamwomba apitishe mashine na kwenye jicho. Kumbe lenzi ilikuwa safi kabisa! Weupe wote ulikuwa kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele. Akatibiwa, weupe ukapungua, akazaa, na sasa anakamuliwa.

Ndiyo maana leo tunasoma jicho, na sikio kidogo, jinsi vinavyoonekana kwenye picha za daktari.

Jicho la ng'ombe ni kama mpira wa kipenyo cha sentimita 3 hadi 4, ndani yake maji na ute. Altrasaundi ni sauti. Ikipita kwenye maji hairudi, kwa hiyo hapo skrini inakuwa nyeusi. Ikigonga ukuta au mfupa inarudi, na hapo unaona weupe. Shika hilo tu, umemaliza nusu ya somo.

Sasa soma skrini kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa kuna kope, kisha mstari mweupe wa konea. Chini yake chumba kidogo cheusi cha maji. Halafu lenzi: mistari miwili meupe iliyopinda kama mabano, katikati yake peusi. Baada ya lenzi kuna nafasi kubwa nyeusi ya ute, na mwisho ukuta mweupe wa nyuma, ambako retina imelala. Kwenye jicho zima huwezi kuitenganisha retina na ukuta huo. Nyuma ya ukuta unatoka mkanda hafifu, mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo. (Kile kinachong'aa ukimmulika ng'ombe usiku ni tabaka lililo nyuma ya retina. Usikitafute kwenye picha, hukioni.)

Ukiona katikati ya lenzi pamejaa weupe, huo sasa ndio mtoto wa jicho wa kweli. Vidoto vyeupe vinavyocheza kwenye ute kila jicho linapogeuka, fikiria damu au usaha. Na ukiona mistari miwili myeupe yenye umbo la V, ncha yake imeshika pale mshipa wa fahamu unapoingilia, retina imebanduka. Hapo usiendelee kununua dawa za matone kwa matumaini kwamba ataona. Ng'ombe wa jicho moja anakula na anatoa maziwa, wewe zoea tu kumwendea kwa upande anaoona. Ila jicho likimuuma muda wote, zungumza na daktari kuhusu kulitoa.

Upimaji wenyewe hauna makuu. Kile kichwa cha mashine cha kupimia mimba ng'ombe kinatosha kwa maswali haya. Kioshwe kwanza, tafadhali, unajua kimetoka wapi! Ng'ombe aingie kwenye kibanio, kichwa kifungwe kisitikisike, kope lifungwe, jeli iwe ya kutosha. Mwambie daktari apige macho yote mawili, maana lile zima ndilo rula yako. Jicho lililotoboka au kunywea lisikandamizwe hata kidogo.

Picha nayo haisemi kila kitu. Kidonda kidogo kwenye konea hakionekani kwa altrasaundi. Daktari hudondosha rangi maalumu, na penye kidonda hubaki kijani. Hiki kipimo msikiruke. Weupe mwingi ninaokutana nao unatokana na bakteria Moraxella bovis, wanaobebwa na nzi wa usoni, na huacha kidonda. Ukipaka mafuta ya macho yenye steroidi juu ya kidonda, unaweza kulitoboa jicho kwa mkono wako mwenyewe. Chumvi na mate ya tumbaku acheni kabisa. Na akichomwa antibiotiki, zingatia siku za kutouza maziwa zilizoandikwa kwenye chupa.

Sikio ni habari nyingine. Sehemu ya kati ya sikio imejificha ndani ya kichumba cha mfupa chenye hewa, na hewa na mfupa ndivyo adui wa altrasaundi. Hapo inatumika eksirei, na rangi zinasomwa kivingine: hewa nyeusi, mfupa mweupe. Kichumba kikijaa usaha kinageuka kijivu. Kwa ng'ombe kichumba hicho kimegawanywa na kuta nyembamba za mfupa, kwa hiyo hata daktari hulazimika kulinganisha kulia na kushoto. Skani ya CT huonyesha vizuri zaidi, lakini tuseme ukweli, ni wangapi kati yetu watampeleka ndama huko? Wewe mtazame ndama. Sikio moja limelala, kichwa kimeinama upande, kope halifungi vizuri: mwite daktari leo. Mara nyingi ni Mycoplasma bovis waliopanda kutoka kooni, na njia mojawapo ya kuwaingiza ni kumnywesha ndama maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kibovu.

Ukiwa hapo hapo kwenye sikio, pekua ndani utafute kupe wa kahawia, kisha papasa tezi iliyo chini ya sikio. Ikiwa imevimba na joto limepita nyuzi 40, shuku ndigana kali. Huyo hasubiri picha, piga simu siku hiyo hiyo.