SOMO: KIINUA MGONGO KINATOKA WAPI?



Mwezi uliopita, tulipotoka ibadani, mwalimu mmoja wa mtaa wetu aliniambia kwa furaha, "Mzee, nikistaafu Desemba, Serikali itanipa zawadi yangu." Nikamwuliza, zawadi gani? Akajibu, "Kiinua mgongo." Mwalimu huyu nilimfundisha hesabu mimi mwenyewe katika Chuo cha Ualimu, basi kosa ni langu pia. Haya, chukueni penseli.

Mkupuo si zawadi. Ni pensheni yako mwenyewe, ila umeichukua mapema.

Tutazame Mfuko wa PSSSF, ulioanzishwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huchangia 15. Kanuni iliyoanza Julai 2022 iliigawa pensheni mafungu mawili: asilimia 33 kwa mkupuo, na 67 kila mwezi mpaka kufa. Fungu la mkupuo huhesabiwa kwa mwaka mmoja, kisha huzidishwa kwa 12.5. Angalieni hapo: miaka 12 na nusu ni miezi 150.

Mfano. Pensheni nzima ya mtu, kama isingegawanywa, ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Asilimia 33 yake ni 198,000. Zidisha kwa miezi 150, utapata 29,700,000. Huo ndio mkupuo. Kila mwezi atabaki na 402,000. Akistaafu na miaka 60, fedha alizochukua mbele ni za kumfikisha miaka 72 na nusu.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kwamba wale ambao zamani walipata nusu wataongezewa mkupuo kutoka 33 hadi 40. Watu walishangilia. Fanyeni hesabu ileile: mkupuo unakuwa 36,000,000, yaani nyongeza ya 6,300,000. Lakini pensheni ya mwezi inashuka kutoka 402,000 mpaka 360,000. Hizo 42,000 ni unga, sukari na mafuta ya taa ya mtu mzima, kila mwezi, muda wote atakaoishi.

Sisemi mkupuo ni mbaya. Mwenye nyumba isiyoezekwa atauhitaji sana. Mimi nilistaafu mwaka 2019 kwa kanuni ya zamani, nikapata nusu nzima. Dalali mmoja akaniuzia lori kuukuu. Lilitembea miezi kumi na minne, na sasa limesimama chini ya mwembe, kuku wa mke wangu hutagia ndani yake. Mama huyo sikumshirikisha hesabu hata moja. Aliliona lori likiingia uani, akauliza la nani.

Kwa hiyo bwana na bibi wakae pamoja kabla ya kujaza fomu, waandike matumizi ya mwezi mmoja bila kuficha kitu, waone kama pensheni itakayobaki itatosha. Atafutaye aitafute mapema barua ya ajira ya kwanza na ile ya kuthibitishwa kazini, na majina yalingane katika karatasi zote. Wanaobaki miaka kumi nao waombe taarifa ya michango yao sasa, maana mwezi usiochangiwa ni rahisi kuudai ukiwa bado kazini.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, nitakuwa katika chumba cha Shule ya Jumapili na ubao. Leteni karatasi za mshahara. Wake na waume waje pamoja.