SOMO LA MWEZI: UA LA USAMBARA NA KIOTA CHA NDEGE
Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mathayo 6:28-30

Katika Torati twasoma sheria ndogo ambayo wengi huipita upesi. Mtu akikuta kiota njiani, ana ruhusa kutwaa makinda, lakini mama yao sharti amwache aende zake. Mungu hakumnyima mtu chakula. Alimkataza kutwaa chakula pamoja na chimbuko lake. Na tuichukue sheria hiyo kama taa, tutazame kwayo kitu kidogo kilichomo milimani mwetu.

Kitu hicho ni ua la Usambara. Majani yake yana manyoya laini, nayo hulala karibu na mwamba. Maua yake ni ya rangi ya zambarau, na katikati yana manjano. Huota juu ya miamba yenye unyevu na udongo haba, katika mvuli wa miti mikubwa, mara nyingi karibu na vijito. Jua kali likilipiga, hunyauka.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyetawala wilaya ya Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya jamaa hiyo. Mtu asidhani kwamba limepewa jina la mtume Paulo. Tangu hapo limeenea hata madirishani pa nyumba za Ulaya na Marekani.

Basi mtu atauliza, “Likiwa limejaa duniani, litapoteaje?” Jibu ni hili: yale ya madirishani ni uzao wa mimea michache iliyochukuliwa huku, nao watu wameugeuza kwa kuuchanganya. Asili yenyewe, pamoja na aina zake mbalimbali, imo katika milima ya mashariki ya Tanzania na kusini-mashariki ya Kenya tu. Aina ya Taita yajulikana katika msitu wa Mbololo peke yake. Msitu kama huo ukifyekwa, hapana mahali pengine pa kwenda kuitafuta.

Ni nani afyekaye? Ni kweli, mashamba makubwa ya chai yalikula misitu mingi. Lakini sisi nasi twakata mbao na kuni, na kwa ajili ya iliki twafyeka miti midogo chini ya mikubwa. Kisha ardhi ikichoka, twaangusha na mikubwa tupande mazao mengine. Tena twakiri kosa letu wenyewe. Pasaka moja tuliwatuma watoto walete maua ya kupamba altare. Walirudi na maua haya, yameng’olewa na mizizi yake, nasi tukawasifu. Baada ya juma moja yalikuwa yamekauka, na mwamba ule umebaki mtupu. Tulikuwa tumemtwaa mama pamoja na makinda.

Mzee mmoja wa kanisa alituambia, “Mchungaji, ua haliliwi. Iliki ndiyo iliyowalipia watoto wangu ada.” Neno hilo si la kudharauliwa, maana hata Torati ilimruhusu mwenye njaa makinda. Lakini msitu ulitiliao ua mvuli ndio ulindao vijito. Mto Sigi, utokao Usambara ya Mashariki, wanywesha mji wa Tanga. Na iliki yenyewe yahitaji mvuli. Alindaye mwamba wa ua alinda kisima chake.

Hata hivyo, kama ua hili lisingetufaa kitu, Bwana wetu aliwaonyesha wanafunzi maua ya kondeni, yasiyo na mtunzaji, akawafundisha kwamba Mungu ndiye ayavikaye. Ikiwa Mungu hakuona haya kuyavika, sisi ni nani hata tuyavue?

Basi tufanye hivi. Kwanza, tuache miti kandokando ya vijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Pili, tusing’oe ua mwambani, wala ndani ya hifadhi ya Amani, iliyowekwa mwaka 1997, wala nje yake. Aliye nalo nyumbani na amgawie jirani jani moja na kikonyo chake. Likichomekwa katika udongo wenye unyevu, huota mizizi na kuzaa mche. Tatu, altare ipambwe kwa maua tuliyoyapanda wenyewe uani.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Kwa nini mama ndege aliachwa?
2. Kijijini kwetu twatwaa kitu gani pamoja na chimbuko lake?
3. Tumwambie nini ndugu ambaye ada ya watoto wake yatoka msituni?

Swali la tatu lisijibiwe upesi. Na atakayelijibu awe tayari kumsaidia ndugu huyo kupanda miti.