Hisa Zisizouzwa: Haki Yake Katika Zaka na Katika Kodi

Ndugu zetu wa darasa wametuuliza: mtu aliyenunua hisa kwa nia ya biashara, kisha akaziweka asiziuze, ana wajibu gani juu yake? Twalijibu swali hili, nasi twaona ndani yake mna jambo kubwa kuliko zaka ya mtu mmoja.

Yafaa tujue kwanza soko la hisa hufanya kazi gani. Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na makusudio ya soko kama hilo ni kuwakutanisha wenye fedha na wenye haja ya rasilmali. Lakini hayo hutukia siku chache tu. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza robo ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na watu wa kawaida wakasimama safu kununua, wengine kwa fedha za mkopo. Haukupita mwaka ila bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Na fedha zile hazikuingia katika kampuni, bali ziliingia katika hazina ya Serikali iliyokuwa mwenye mali. Tangu hapo, kila hisa iuzwayo hutoka mkono huu ikenda mkono ule, na kampuni yenyewe haipati hata senti. Basi hoja isemayo kuwa soko lisiguswe kwa kuwa ndilo linalojenga viwanda, twaiona ni hoja iliyovikwa nguo isiyo yake.

Sasa tutazame kodi. Mwalimu na karani hukatwa kodi kabla mshahara haujafika mkononi, na kwa sheria ya mwaka 2023 kiwango cha juu ni asilimia 35. Auzaye kiwanja kwa faida hutozwa asilimia 15. Apataye gawio la hisa naye ni mkaazi wa nchi, hutozwa asilimia 5. Ama auzaye hisa katika soko la Nairobi kwa faida, hatozwi kodi ya faida hiyo kabisa. Tumeambiwa kuwa msamaha huo ni wa kulikuza soko. Na iwe hivyo. Lakini mwenye kuchuma kwa jasho akatwe zaidi ya yule anayechuma hali amelala, ni uadilifu gani huu?

Matajiri wakubwa wa dunia wamezidi hapo. Mali yao iliyo nyingi ni hisa, nao hawaziuzi. Huziweka rehani, wakakopa benki, wakaishi kwa mkopo. Na mkopo si pato, basi hautozwi. Katika Marekani, tajiri akifa, warithi wake huhesabiwa kwa bei ya siku ya mauti, na faida ya miaka yote iliyotangulia ikaepuka kodi ya mapato. Kodi imekaa mlangoni ikingoja auze, naye hauzi mpaka kaburini.

Zaka haingoji. Mwenye duka la nguo, mwaka ukitimia na mali yake ikifika nisabu, hukadiria bidhaa zilizo rafuni akatoa robo ya ushuri, yaani asilimia mbili na nusu, iwapo ameziuza au hakuziuza. Mwaka 2024 mtaalamu wa Kifaransa, Gabriel Zucman, kwa ombi la Brazili, aliyaandikia mataifa 20 yenye uchumi mkubwa kwamba kila mwenye mali ipitayo dola bilioni 1 atozwe kila mwaka kisichopungua asilimia 2 ya mali yake. Watu hao ni kama 3,000 ulimwenguni, na alikisia zitapatikana dola bilioni 200 hadi 250. Kukazuka kelele! Na asilimia hizo ni chini ya zile atoazo muuza nguo wetu.

Hatusemi kwamba kodi ni zaka. Zaka ni ibada, na wanaoistahiki ni watu wa namna nane. Kodi ni ya barabara na hospitali, wala moja haiondoi nyingine. Twasema tu kwamba kuitoza mali iliyokaa si jambo geni.

Husemwa pia kuwa matajiri watahama. Ni kweli, baadhi yao walihama Norwe ilipoongeza kodi ya mali mwaka 2022. Wengi walikwenda Uswisi, nchi ambayo nayo ina kodi ya mali! Na Uingereza hutoza nusu ya asilimia kwa anunuaye hisa za kampuni zake, na soko la London halijafungwa kwa hayo.

Turudi kwa muulizaji. Majmaa ya Fiqhi iliyokutana Jidda mwaka 1988 iliamua kuwa hisa za biashara hutolewa zaka kwa bei ya soko ya siku inapowajibika, si bei aliyonunulia. Mwenye hisa 100,000, bei ikiwa shilingi 20, ana milioni 2. Zikiwa zimefika nisabu, nayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, atatoa shilingi 50,000. Ama aliyenunua kwa ajili ya gawio tu, hukumu yake ni nyingine, nayo tutaisomesha katika darasa ijayo, inshallah.